Mwisho wa Mstari: Upanuzi wa Mtandao wa Mabomba ya Gesi Asilia Tanzania na Usalama wa Upatikanaji wa Nishati Kisiwani Pemba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya upanuzi wa mtandao wa mabomba ya gesi asilia Tanzania Bara na usalama wa upatikanaji wa nishati katika kisiwa cha Pemba. Kwa kawaida, mafanikio ya upanuzi wa mabomba hupimwa kwa urefu wa bomba lililolazwa na wingi wa gesi linaloweza kupitisha. Makala yanaonesha kuwa vipimo hivyo havitoshi kwa eneo lililo mwisho wa mstari, ambako nishati hufika baada ya kupita viungo vingi vinavyotegemeana. Kwa kutumia historia ya mtandao wa gesi nchini, tukio la kukatika kwa umeme Unguja mwaka 2008 na mwaka 2009 hadi 2010, pamoja na mifano miwili ya mabomba ya baharini ya nje ya nchi, makala yanajenga hoja kuwa bomba kuelekea Tanga linaweza kuinufaisha Pemba bila kufika Pemba, lakini manufaa hayo yatabaki pungufu endapo kiungo cha mwisho, yaani kebo moja ya baharini, hakitapatiwa mbadala.

Istilahi za msingi: gesi asilia, bomba, kebo ya baharini, usalama wa upatikanaji wa nishati, Pemba, Tanga.

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kisiwa cha Pemba kina wakazi 543,441, wakiwemo 272,091 wa Mkoa wa Kaskazini Pemba na 271,350 wa Mkoa wa Kusini Pemba. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa 406,848. Ongezeko hilo la takriban theluthi moja lina maana ya moja kwa moja kwa mahitaji ya nishati: maji ya bomba hutegemea pampu za umeme zinazovuta maji ya visima, hospitali huhifadhi chanjo na damu kwa majokofu, na shughuli ndogondogo za Chake Chake, Wete na Mkoani, kuanzia kuchomelea vyuma hadi kutengeneza barafu ya kuhifadhia samaki, hazina nguvu nyingine ya kuziendesha.

Pemba haina bomba la gesi asilia. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kudhani kuwa mipango ya kupanua mabomba ya Bara haikihusu kisiwa hicho. Dhana hiyo si sahihi. Tangu mwaka 2010, umeme unaotumika Pemba hutoka Gridi ya Taifa kupitia Tanga, na kwa miaka mingi ya kipindi hicho zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ilifuliwa kwa gesi asilia. Kwa hiyo Pemba tayari ni mtumiaji wa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ijapokuwa gesi hiyo huifikia ikiwa imekwisha kugeuzwa umeme. Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: kila bomba jipya linapojengwa Bara, je, mtumiaji wa Pemba anapata uhakika zaidi, na kwa kiasi gani?

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Usalama wa upatikanaji wa nishati una sura mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Sura ya kwanza ni utoshelevu, yaani kuwepo kwa nishati ya kutosha kukidhi mahitaji katika hali ya kawaida. Sura ya pili ni ustahimilivu, yaani uwezo wa mfumo kuendelea kutoa huduma pale sehemu yake moja inapoharibika. Mfumo unaweza kuwa na utoshelevu mkubwa na ustahimilivu mdogo. Nyumba yenye tangi kubwa la maji na bomba moja la kutolea ni mfano wa hali hiyo: tangi likijaa, bomba likiziba, watu hulala na kiu.

Ustahimilivu hupimwa kwa kanuni ambayo hapa itaitwa kanuni ya pungufu moja. Kanuni hiyo huuliza: endapo kiungo kikubwa kuliko vyote kitatoka katika huduma siku ya mahitaji ya juu kabisa, je, viungo vilivyobaki vitatosheleza mahitaji? Umoja wa Ulaya uliingiza kipimo hicho katika Kanuni Na. 994 ya mwaka 2010, baada ya mgogoro wa Urusi na Ukraine wa Januari 2009 kusimamisha kwa takriban wiki mbili gesi iliyokuwa ikipita Ukraine kwenda nchi kadhaa za Ulaya. Nchi zilizoumia zaidi, kama Bulgaria, hazikuwa lazima zile zilizotumia gesi nyingi zaidi. Zilikuwa zile zilizokuwa na njia moja tu ya kuipata.

Neno gesi nalo linahitaji kuwekwa sawa. Katika mazungumzo ya kila siku Pemba, gesi ni ile ya mtungi inayotumika jikoni. Hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani, huingizwa nchini kwa meli na kufikishwa kisiwani kwa vyombo vya baharini. Gesi asilia inayozungumziwa katika makala haya kwa sehemu kubwa ni metani, hutoka visimani na husafirishwa kwa bomba ikiwa katika hali ya hewa. Upanuzi wa mabomba ya gesi asilia hauongezi wala haupunguzi mitungi inayofika bandari ya Mkoani au Wete. Athari yake kwa Pemba hupitia kwenye umeme.

3.0 Mtandao wa Gesi Ulivyojengwa

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mkoani Lindi mwaka 1974, na Mnazi Bay mkoani Mtwara mwaka 1982. Ilichukua miaka thelathini kwa ugunduzi wa kwanza kuwa huduma. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kupitia bomba lenye sehemu mbili: takriban kilomita 25 chini ya bahari kutoka kisiwani hadi Somanga Fungu, na takriban kilomita 207 za nchi kavu. Gesi hiyo iliendesha mitambo ya Ubungo na kufika kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kaskazini mwa jiji. Gesi ya Mnazi Bay ilianza kutumika mwaka 2006 kufua umeme wa Mtwara na Lindi pekee.

Kwa zaidi ya muongo mmoja, hivyo basi, jiji la Dar es Salaam lilitegemea bomba moja. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 2015 lilipozinduliwa bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye kipenyo cha inchi 36, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Bomba hilo huanzia kwenye mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, huunganishwa Somanga Fungu na tawi jingine litokalo Songo Songo, na kuishia Kinyerezi. Uwezo wake ni kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Kwa mtazamo wa kanuni ya pungufu moja, hatua hii ilikuwa kubwa: vyanzo viwili na njia mbili za kufikia soko kuu.

Hata hivyo, ujenzi huo uliibua swali la nani ananufaika na bomba linalopita. Machafuko yaliyotokea Mtwara Januari na Mei 2013, yaliyosababisha vifo na uharibifu wa mali, yalitokana na hofu ya wakazi kuwa gesi ingeondoka kwenda Dar es Salaam bila wao kuona maendeleo. Mtwara iko mwanzo wa mstari na Pemba iko mwisho wake, lakini swali lao ni la namna moja: je, mtandao wa taifa unapimwa kwa kile kinachofika kituo kikuu, au kwa kile kinachobaki na kinachofika pembezoni?

Hatua inayojadiliwa sasa ni kulitoa bomba Dar es Salaam kuelekea kaskazini. Mei 2021, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan jijini Nairobi, Tanzania na Kenya zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu usafirishaji wa gesi asilia, likiwemo wazo la bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Bomba la namna hiyo haliwezi kukwepa ukanda wa Tanga. Umbali wa Dar es Salaam na Tanga ni karibu kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na mkoa huo una viwanda vya saruji na chokaa ambavyo vinahitaji joto kubwa kwa saa ishirini na nne. Wateja wa aina hiyo, pamoja na soko la Mombasa, ndio wanaoweza kubeba gharama ya bomba. Wakazi wa Pemba hawamo katika hesabu hiyo ya soko. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema watanufaikaje.

4.0 Njia ya Nishati hadi Pemba

Kabla ya mwaka 2010, Pemba ilipata umeme kutoka kwa jenereta za dizeli za Wesha, karibu na Chake Chake. Umeme huo ulikuwa ghali na wa mgao. Mwaka 2010 ilizinduliwa kebo ya baharini ya kilovolti 33 kutoka Tanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 70 na uwezo wa takriban megavoltiampea 25, kwa ufadhili mkubwa wa Serikali ya Norway. Kebo hiyo ilimaliza utegemezi wa dizeli kwa matumizi ya kila siku na kuwezesha vijiji vingi kuunganishwa.

Kwa mtumiaji wa Pemba, umeme utokanao na gesi hupita viungo sita: visima na mitambo ya kusafisha gesi, bomba hadi Dar es Salaam, mitambo ya kufua umeme ya Kinyerezi na Ubungo, njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Chalinze kupitia Hale hadi Tanga, kebo ya baharini, na mtandao wa usambazaji wa kisiwani. Viungo vitatu vya kwanza sasa vina wenzao wa kuvisaidia, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Kiungo cha nne kinasaidiwa kwa sehemu na vituo vya maporomoko ya Mto Pangani, yaani Hale chenye megawati 21 na New Pangani Falls chenye megawati 68, ambavyo uzalishaji wake hupungua wakati wa ukame. Kiungo cha tano hakina mwenza.

Umuhimu wa jambo hili unaweza kuoneshwa kwa mfano wa kihesabu. Tarakimu zifuatazo ni za kufafanulia hoja na hazikutokana na vipimo vya uwandani. Tuseme kila kiungo kinapatikana kwa asilimia 99 ya muda, isipokuwa kebo, ambayo inapatikana kwa asilimia 95 kwa kuwa ikiharibika matengenezo yake huchukua muda mrefu. Kwa kuwa viungo vimefuatana, upatikanaji wa jumla hupatikana kwa kuvizidisha vyote sita. Jibu ni asilimia 90.3, sawa na takriban siku 35 za kukosa umeme kwa mwaka. Sasa tuseme viungo viwili vya mwanzo, yaani visima na bomba, vimepatiwa mwenza kila kimoja. Siku za kukosa umeme hushuka hadi takriban 29. Endapo badala yake viungo hivyo vitaachwa vilivyo na kebo pekee ikapatiwa mwenza, siku hizo hushuka hadi takriban 19.

Mfano huu unatoa mafunzo mawili. Kwanza, uwekezaji mkubwa mwanzoni mwa mstari huleta nafuu ndogo mwishoni mwake, ikiwa kiungo dhaifu hakikuguswa. Pili, nafuu hiyo ni ya kweli, haipaswi kubezwa. Pemba hunufaika na kila bomba la Bara, ila kwa kiasi kidogo kuliko takwimu za taifa zinavyoweza kumfanya msomaji aamini.

5.0 Funzo la Fumba

Uzoefu wa Unguja unaonesha gharama ya kiungo kimoja. Unguja iliunganishwa na Bara mwaka 1980 kwa kebo ya kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, yenye uwezo wa megawati 45. Mwezi Mei 2008 hitilafu upande wa Fumba ilikiacha kisiwa bila umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 hitilafu nyingine ilitokea, na safari hii huduma ilirudi Machi 2010, baada ya takriban miezi mitatu. Katika vipindi vyote viwili Bara ilikuwa na umeme wa kuuza na Unguja ilikuwa na watu wa kuununua. Kilichokosekana ni njia.

Madhara ya tukio la 2008 yalichunguzwa na mwanauchumi Alfredo Burlando, ambaye alionesha kuwa kipato cha kaya zilizotegemea kazi zinazotumia umeme kilishuka, na kwamba watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao katika kipindi hicho walizaliwa wakiwa na uzito mdogo kuliko wa kawaida. Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa makini na wapangaji wa nishati. Mwezi mmoja wa giza ulikwisha taa zilipowaka tena, lakini alama yake ilibaki katika miili ya watoto ambao hata hawakuliona giza hilo.

Jambo moja halitajwi mara nyingi. Mwaka 2008 Pemba haikuguswa na hitilafu ya Fumba, kwa kuwa ilikuwa bado ikitumia jenereta zake za Wesha. Kebo ya 2010 ilikipa kisiwa utoshelevu, bei nafuu na umeme wa saa zote. Kwa wakati huohuo ilikiingiza katika aina ileile ya utegemezi ambayo Unguja ilikuwa imetoka kuonja. Unguja ilipata kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, kwa ufadhili wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na ikaanza kutumika mwanzoni mwa muongo wa 2010. Pemba imebaki na kebo yake moja.

6.0 Je, Bomba Lifike Pemba?

Wapo wanaoweza kupendekeza kuwa njia ya pili ya Pemba iwe bomba la gesi lenyewe, na kisiwa kifue umeme wake. Pendekezo hilo linakabiliwa na vikwazo viwili.

Kikwazo cha kwanza ni udogo wa mahitaji. Kebo ya sasa, ikibebeshwa mzigo wote, hupitisha takriban megawati 20. Mtambo wa gesi wenye ufanisi wa asilimia 40 unahitaji megawati 50 za joto ili kutoa kiasi hicho cha umeme. Kwa gesi yenye megajuli 38 katika kila mita ya ujazo, hiyo ni takriban mita za ujazo 114,000, au futi za ujazo milioni 4, kwa siku. Kiasi hicho ni nusu ya asilimia moja ya uwezo wa bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam. Bomba la baharini lina gharama kubwa ya kulazwa hata likipitisha gesi kidogo, na gharama hiyo ingegawanywa kwa wateja wachache mno.

Kikwazo cha pili ni mkondo wenyewe. Unguja imekaa juu ya bahari ya kina kifupi inayoiunganisha na Bara, lakini Pemba imetengwa na mkondo wenye upana wa karibu kilomita 50 na kina kinachofika takriban mita 800. Teknolojia ya kulaza bomba katika kina hicho ipo. Bomba la Blue Stream kati ya Urusi na Uturuki limepita kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000 katika Bahari Nyeusi. Tatizo ni kwamba kazi ya namna hiyo huhitaji meli maalumu na kiasi cha gesi kinachostahili gharama hiyo.

Zaidi ya vikwazo hivyo, bomba la baharini halileti ustahimilivu kwa kuwepo kwake tu. Mifano miwili inathibitisha hilo. Agosti 2012 nanga ya meli iliharibu Bomba la Gesi la Afrika Magharibi karibu na Lomé. Bomba hilo, lenye urefu wa kilomita 678, hupeleka gesi ya Nigeria katika nchi za Benin, Togo na Ghana. Ghana, iliyo mwisho wa mstari, ilikosa gesi hiyo kwa karibu mwaka mzima, ikalazimika kuendesha mitambo yake kwa mafuta ya bei ya juu na kuwawekea wananchi mgao wa umeme. Oktoba 2023 nanga ya meli nyingine ilivunja bomba la Balticconnector linalounganisha Finland na Estonia. Matengenezo yalichukua miezi sita, lakini Finland haikuishiwa gesi, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuweka bandari ya Inkoo chombo kinachoelea cha kupokea gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika. Ajali zilifanana, aliyekuwa na mlango wa pili hakuumia kama yule ambaye hakuwa nao.

7.0 Tanga kama Kitovu cha Kati

Ikiwa bomba haliwezi kufika Pemba kwa gharama inayokubalika, mahali pake panapofaa zaidi ni Tanga. Mtambo wa kufua umeme kwa gesi uliowekwa Tanga, mwisho wa bomba jipya la kaskazini, ungebadilisha njia ya nishati ya Pemba kwa namna tatu.

Kwanza, ungefupisha mstari. Umeme wa Pemba usingelazimika kusafiri kutoka Kinyerezi kupitia Chalinze na Hale, kwa kuwa gesi ingefika Tanga na kugeuzwa umeme hapohapo. Njia ya umeme na njia ya gesi zingekuwa mbili zinazosaidiana hadi mlangoni mwa kebo.

Pili, ungeimarisha msongo wa umeme. Tanga iko mbali na vituo vikubwa vya ufuaji, na umeme unaosafiri mbali hupoteza nguvu. Kebo ya kilovolti 33 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 70 huongeza tatizo hilo. Chanzo kilicho karibu husaidia msongo usiyumbe, jambo linalopunguza kuungua kwa majokofu na pampu upande wa kisiwani.

Tatu, ungewezesha mfumo kujitenga kwa makusudi. Gridi ya Taifa inapoanguka yote, Tanga na Pemba huanguka nayo. Mtambo wa Tanga, ukisanifiwa tangu mwanzo uweze kujiwasha bila kutegemea gridi, na swichi za kuutenga ukanda huo zikiwekwa, ungeweza kuendelea kulisha Tanga na Pemba wakati mafundi wakirudisha gridi. Sifa hii haiji yenyewe. Isipoandikwa katika michoro na mikataba wakati wa upembuzi yakinifu, ni vigumu na ghali kuiongeza baadaye.

Pamoja na hayo yote, kebo inabaki. Kwa hiyo manufaa ya Tanga yanapaswa kwenda sambamba na hatua mbili upande wa kisiwa. Ya kwanza ni kebo ya pili, itakayopita njia tofauti na kutua mahali tofauti, kwa kuwa kebo mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu huweza kukatwa na nanga moja. Ya pili ni akiba ya ndani: paneli za jua zenye betri, na jenereta zinazotunzwa kwa ajili ya hospitali na pampu za maji. Akiba hiyo haihitaji kukidhi mahitaji yote. Inatosha ikidhi yale ambayo kuyakosa kwa mwezi mmoja huacha madhara ya kudumu.

Upande wa taasisi nao una uzito. Shirika la Umeme Zanzibar hununua umeme kwa jumla kutoka Shirika la Umeme Tanzania, na wasimamizi wa huduma hizo ni mamlaka mbili tofauti, EWURA kwa Bara na ZURA kwa Zanzibar. Machi 2017 Rais John Magufuli aliagiza hadharani kuwa wadaiwa wa umeme wakatiwe huduma, na deni la Zanzibar likawa sehemu ya mjadala huo. Tukio hilo linakumbusha kuwa njia ya nishati inaweza kukatika kwa hitilafu ya malipo kama inavyokatika kwa hitilafu ya kebo. Mkataba wa muda mrefu unaoeleza bei, utaratibu wa madeni na kiwango cha chini cha umeme kisichoweza kusitishwa ni sehemu ya miundombinu, ijapokuwa hauonekani.

8.0 Endapo Gesi Itapatikana Pemba

Mjadala huu hautakamilika bila kutaja uwezekano wa Pemba kuwa mwanzo wa mstari. Katika miaka ya 1950 na 1960, kampuni za BP na Shell zilichimba visima vya utafiti Unguja na Pemba bila kupata kiasi cha kibiashara. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia viliingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano, na mvutano uliofuata uliisimamisha kazi ya utafutaji kwa miongo kadhaa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilifungua njia kwa Zanzibar kusimamia rasilimali hiyo kwa sheria zake, na Baraza la Wawakilishi likatunga Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia ya mwaka 2016. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba wa kugawana uzalishaji na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Matumaini hayo yana haki yake, lakini hayapaswi kuahirisha maamuzi mengine. Songo Songo ilingoja miaka thelathini kati ya kisima na bomba, na Mnazi Bay miaka ishirini na minne. Hata gesi ikipatikana kesho, mtoto atakayezaliwa Micheweni mwaka ujao atakuwa mtu mzima kabla haijawasha taa ya nyumbani kwao. Uhakika wa umeme wake lazima utokane na mambo yanayoweza kujengwa sasa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa upanuzi wa mtandao wa mabomba ya gesi asilia huongeza usalama wa nishati wa eneo pale tu unapopunguza idadi ya viungo visivyo na mwenza kati ya chanzo na mtumiaji. Bomba la 2015 lilifanya hivyo kwa Dar es Salaam. Bomba la kaskazini linaweza kufanya hivyo kwa Tanga, na kupitia Tanga linaweza kuifaa Pemba, endapo mtambo wa kufua umeme utajengwa huko ukiwa na uwezo wa kujitegemea. Halitafanya hivyo kwa Pemba kikamilifu mpaka kebo ipate mwenza na kisiwa kipate akiba yake.

Kutokana na hoja hizo, inapendekezwa kuwa upembuzi yakinifu wa bomba lolote la kuelekea Tanga na Mombasa uwe na kipimo cha ziada: siku ambazo hospitali na visima vya maji vya Pemba vingekosa umeme kwa mwaka, kabla na baada ya mradi. Takwimu za kukatika kwa umeme kwa kila kiungo kati ya vile sita, zikikusanywa na mashirika mawili ya umeme kwa utaratibu mmoja, zitawawezesha watafiti wajao kuweka tarakimu halisi mahali ambapo makala haya yameweka tarakimu za mfano.